Waliopona Wasioamini

Katika karne ya 19, madaktari wa Ulaya walipokea wagonjwa wa aina ya pekee: watu waliokwisha kutibiwa kaswende, vidonda vimekauka, ngozi safi, lakini usingizi hauwajii kwa kuamini kwamba ugonjwa ungali mwilini. Hali hiyo iliitwa sifilofobia, na waliokuwa nayo walichukuliwa kuwa watu wa kujitakia mashaka.

Hawakutendewa haki. Kaswende hujificha kweli. Kidonda cha kwanza hupona chenyewe, vipele vinavyofuata hutoweka, kisha miaka mingi inaweza kupita kabla moyo au ubongo haujaguswa. Alfred Fournier wa Paris alisisitiza kwamba kupooza na wazimu wa watu wazima vilitokana na kaswende ya ujanani. Dawa nayo ilikuwa zebaki, iliyolegeza meno na kumchuruzisha mgonjwa mate, na hakuna daktari aliyeweza kuthibitisha kwamba imemponya mtu. Nani asingeogopa?

Mwaka 1906, mjini Berlin, August von Wassermann na wenzake walitoa kipimo cha damu. Mwaka 1910 ikaingia sokoni Salvarsan, dawa ya arseniki ya Paul Ehrlich na Sahachiro Hata. Ilitarajiwa kwamba shaka imekwisha. Kumbe sasa shaka ilipata cheti cha maabara. Walikuwapo waliomaliza tiba bila dalili yoyote, ila damu yao ikaendelea kutoa jibu lile lile. Wakaongezewa sindano za arseniki na bismathi, mwaka baada ya mwaka, ili kulibadilisha jibu la karatasini.

Kipimo hicho hakikumwona mdudu mwenyewe. Kilitambua kingamwili zinazoshikana na mafuta fulani ya mwilini, ndiyo maana dondoo la moyo wa ng'ombe lilitosha kukiendesha. Mwaka 1941 Mary Pangborn aliyatenga mafuta hayo, kadiolipini. Malaria na ukoma navyo viliweza kuleta jibu la kaswende kwa mtu asiyewahi kuiugua.

Afrika Mashariki palikuwa na buba pia, ugonjwa wa ngozi unaowapata hasa watoto na usioambukizwa kwa ngono. Bakteria wake ni ndugu wa yule wa kaswende, na vipimo vya kawaida vya damu haviwatenganishi. Mwaka 1908 Kanali Lambkin, daktari wa jeshi la Uingereza, alitangaza kwamba kaswende imeenea mno Buganda. Hospitali ya Mulago ilianza mwaka 1913 kama kituo cha magonjwa ya zinaa. Wanahistoria wamehoji sana makadirio ya Lambkin, kwani huenda buba ilihesabiwa kama kaswende, lakini aibu ilikwisha kuwaangukia Waganda.

John Mahoney alipotumia penisilini huko Staten Island mwaka 1943, kaswende ikawa ugonjwa wa kupona. Hofu haikupona pamoja nayo, maana vipimo vya kuthibitisha kaswende kwa kawaida hubaki chanya maisha yote, hata bakteria wakiwa wamekufa zamani.

Kwa hiyo, uliyetibiwa, itunze karatasi ya kipimo chako cha kwanza. Muulize daktari kiwango cha kingamwili katika kipimo cha kadiolipini kimeshuka kiasi gani: kutoka 1:32 hadi 1:8, kwa mfano, ni dalili njema kwamba dawa imefanya kazi. Kikipanda mara nne, au dalili zikirudi, rejea kliniki mapema. Usijiongezee sindano kwa sababu tu karatasi bado inasema chanya.