Kugeuza Gari Kuukuu Liwe la Umeme: Historia Inasema Nani Ataokoa Fedha

Mwezi uliopita injini ya gari langu, Toyota Corolla ya mwaka 1998, ilikufa. Fundi ninayemwamini aliifungua, akaniita nitazame jinsi silinda zilivyolika, kisha akasema kwa upole: "Mwalimu, hapa tafuta injini ya mtumba, milioni 2 hivi, au uza bodi." Nilipowasimulia wanafunzi wangu kisa hicho, mmoja alinyosha mkono. "Mwalimu, kwa nini usifunge mota ya umeme? Petroli inakumaliza kila mwezi, na umeme sasa tunao." Wenzake walicheka. Mimi sikucheka. Niliahidi kumjibu kwa njia niijuayo, yaani kwa kuiuliza historia.

Historia yenyewe ni ndefu kuliko wengi tunavyodhani. Mnamo Aprili 1881, mjini Paris, Gustave Trouvé alichukua baiskeli ya magurudumu matatu iliyotengenezwa Uingereza, akaifunga mota na betri, akaiendesha mtaani. Hiyo ilikuwa miaka 4 kabla Karl Benz hajaunda gari lake la petroli. Trouvé hakubuni chombo kipya; alikigeuza kilichokuwapo. Kwa hiyo anayetaka kulibadili gari lake kuukuu leo hafanyi jambo geni. Anarudi kwenye chanzo.

Kufikia mwaka 1900, zaidi ya theluthi moja ya magari yaliyotengenezwa Marekani yalikuwa ya umeme. Kisha Henry Ford akaleta gari la bei nafuu mwaka 1908, na mwaka 1912 Cadillac ikaanza kuuza magari yanayowashwa kwa starta badala ya mkono. Petroli ikawa rahisi na ikapatikana kila mahali. Gari la umeme likatoweka barabarani, lakini halikutoweka kote, na hapo ndipo pana funzo. Huko Uingereza, magari ya kusambaza maziwa yaliendelea kutumia umeme kwa miongo mingi ya karne ya 20. Sababu yake ni nyepesi. Gari la maziwa lilipita njia ileile kila alfajiri, likasimama mlango kwa mlango, likarudi bohari kuchajiwa. Umbali ulijulikana, na kazi ilikuwa ya kila siku.

Oktoba 1973 nchi za Kiarabu zinazozalisha mafuta ziliweka vikwazo, na katika miezi michache bei ya pipa ikapanda kutoka takriban dola 3 hadi karibu dola 12. Ndipo Wamarekani wa kawaida walipoingia katika gereji zao. Mtu alichukua gari dogo la zamani, akang'oa injini, tangi na bomba la moshi, akaacha giaboksi. Mahali pa injini aliweka mota ya mashine ya kunyanyulia mizigo, au mota ya kuwashia injini za ndege iliyouzwa kama chakavu cha jeshi. Alipanga betri 16 za vigari vya viwanja vya gofu, kila moja ya volti 6, jumla volti 96 na uzito wa zaidi ya kilo 400. Gari lilikwenda kilomita 60 au 80, kisha likahitaji usiku mzima wa kuchaji.

Siasa nazo ziliingia. Mwaka 1976 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya utafiti na majaribio ya magari ya umeme, yenye dola milioni 160. Rais Gerald Ford aliikataa. Bunge likalipindua katazo lake ndani ya siku chache. Hata hivyo, hesabu ya wale wa gereji ilikuwa na shimo. Akiba ya petroli iliingia mfukoni kidogo kidogo kila wiki, lakini betri zilichoka baada ya miaka michache na kudai fedha zote kwa mkupuo. Mwaka 1986 bei ya mafuta duniani ikaanguka kwa zaidi ya nusu, na wengi wakarudi kwenye petroli.

Sisi tulikuwa wapi? Watu wa rika langu wanakumbuka miaka ambayo kuendesha gari binafsi Jumapili alasiri kulikatazwa nchini Tanzania ili kuokoa mafuta. Wanakumbuka magari yaliyopandishwa juu ya mawe uani kwa kukosa tairi. Bwawa la Kidatu lilikuwa limeanza kuzalisha umeme mwaka 1975, na mafundi hodari tulikuwa nao. Tulichokosa ni fedha za kigeni za kununulia mota na betri. Ukosefu huo usichukuliwe kuwa ulikuwa ujinga.

Leo mambo mawili yamebadilika. La kwanza ni betri ya lithiamu, iliyoingia sokoni mwaka 1991. Mwaka 2010 uniti moja ya uwezo wake iligharimu zaidi ya dola 1,000. Kufikia 2023 wastani ulikuwa chini ya dola 150. La pili ni Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, lililoanza kuzalisha umeme mwaka 2024. Nao jirani zetu wa Nairobi hawakungoja. Kampuni iliyoanzishwa mwaka 2017 kwa jina la Opibus, ambayo sasa inaitwa Roam, ilianza kwa kugeuza magari ya kubebea watalii mbugani. Hilo ni gari la maziwa katika umbo jingine: linatoka kambini, linazunguka, linarudi kambini.

Basi tufanye hesabu ya Corolla yangu. Tuchukue petroli shilingi 3,000 kwa lita na umeme shilingi 360 kwa uniti. Kwa kilomita 100 nachoma lita 8, sawa na shilingi 24,000. Kwa umeme ningetumia uniti 18 hivi, sawa na shilingi 6,480. Naokoa kama 17,500. Lakini mimi huendesha kilomita 40 kwa siku, kama 12,000 kwa mwaka. Akiba yangu ni shilingi milioni 2.1. Mota, betri na kazi ya fundi, kwa makadirio yangu, haviwezi kupungua milioni 18. Hata nikiondoa milioni 2 za injini ya mtumba, ningehitaji zaidi ya miaka 7 na nusu kurudisha fedha. Bodi ya Corolla ile haina miaka hiyo.

Nilimpa mwanafunzi jibu hilo baada ya kipindi. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema: "Shikamoo yako Mwalimu, lakini sikuuliza kwa ajili ya gari lako. Mzee ana Hiace ya abiria Morogoro. Injini imeanza kula oili."

Tukakaa chini tena. Hiace ile hutembea kilomita 150 kwa siku katika njia ileile, na mchana hupumzika kituoni. Kwa lita 12 za mafuta au uniti 30 za umeme kila kilomita 100, akiba yake ni zaidi ya shilingi milioni 11 kwa mwaka. Hata ugeuzaji ukigharimu milioni 30, fedha zinarudi kabla ya miaka 3.

Sasa mzee huyo atapata wapi milioni 30? Kwa mkopo, na dhamana yake ni kadi ya gari. Kadi ina namba ya injini na ukubwa wa injini. Injini ikitoka, kadi inasema uongo, na taasisi moja ya fedha aliyoiendea ilimrudisha kwa sababu hiyo. Ufaransa ilikutana na kikwazo cha namna hii. Mwaka 2020 ikatoa kanuni inayoruhusu gari lililozidi miaka 5 kugeuzwa kwa vifaa vilivyothibitishwa, na fundi aliyeidhinishwa, kisha lisajiliwe upya kwa utaratibu unaoeleweka. Kanuni hiyo inalinda pia maisha, kwa kuwa betri nzito hudai breki imara, na umeme wa volti nyingi hauna msamaha.

Nawaomba watumishi wa umma wanaosoma haya waanzie hapo: ukaguzi, usajili, na mkopo kwa magari ya kazi. Magari yetu sisi wenye mishahara yatangoja. Mimi nimefunga injini ya mtumba. Hiace ya Morogoro bado inakula oili.