Sikukuu za Kikristo na Dhamiri ya Mtu

Katika vijiji vya Uluguru, toka Matombo hata Mgeta, neno moja hurudi kila mwaka. Siku ya Krismasi hupambazuka, kengele hulia, watu huenda kanisani; lakini Mkristo mmoja, aliyebatizwa kama wao, huonekana na jembe begani. Mara maneno huanza: huyu amerudi nyuma. Naye hujibu ya kuwa siku zote ni za Mungu. Je, mwenye haki ni nani? Kabla ya kuhukumu yatupasa kutazama mambo ya kale, kwa maana swali hili si geni, wala sisi si wa kwanza kugombana kwa ajili yake.

Mitume wenyewe walilikuta. Wakristo waliotoka katika Uyahudi walizoea sabato na sikukuu za baba zao. Waliotoka katika mataifa hawakuwa nazo. Mtume Paulo aliwafundisha Warumi, katika mlango wa kumi na nne, ya kuwa aadhimishaye siku na asiyeiadhimisha wasihukumiane, maana wote ni watumishi wa Bwana mmoja. Lakini Wagalatia aliwakemea kwa ukali, kwa kuwa walianza kuweka tumaini lao katika kushika siku na miezi.

Kiasi cha mwaka 155, Polikarpo, Askofu wa Smirna, mzee sana aliyehesabiwa kuwa mwanafunzi wa Yohana, alisafiri mpaka Roma. Makanisa ya Asia yaliadhimisha Pasaka tarehe 14 ya mwezi wa Nisani wa Kiyahudi, ikiangukia siku yo yote ya juma. Roma waliiadhimisha Jumapili. Aniketo, Askofu wa Roma, hakuweza kumgeuza Polikarpo, wala Polikarpo hakuweza kumgeuza Aniketo. Basi walifanyaje? Aniketo alimpa mgeni wake heshima ya kuongoza Meza ya Bwana katika kanisa lake, wakaagana kwa amani. Kama miaka 35 baadaye, Askofu Viktori wa Roma alitaka kuyakata makanisa ya Asia katika ushirika kwa ajili ya tarehe ile ile. Ndipo Ireneo, Askofu wa Lyon katika nchi iitwayo leo Ufaransa, akamwandikia na kumkumbusha habari za wazee wale wawili. Baraza la Nikea mwaka 325 liliagiza Pasaka iadhimishwe na wote Jumapili. Walakini hata leo Waorthodoksi na Wakristo wa magharibi huiadhimisha kwa tarehe mbalimbali katika miaka mingi.

Na Krismasi je? Biblia haikutaja tarehe ya kuzaliwa kwa Bwana. Ushuhuda wa zamani ulio wazi kuhusu sikukuu ya tarehe 25 Desemba umo katika kitabu cha orodha kilichokusanywa Roma mwaka 354. Basi siku hiyo iliwekwa na Kanisa, ili watu wakumbuke jambo kuu.

Kwa sababu hiyo wengine waliikataa. Mwaka 1647 Bunge la Uingereza, likiongozwa na watu waliotaka ibada isiwe na neno lisiloamriwa na Biblia, lilifuta Krismasi, Pasaka na Pentekoste. Katika mji wa Canterbury, maduka yalipoamriwa yafunguliwe siku ya Krismasi, watu walifanya ghasia. Huko Massachusetts, katika Marekani, sheria ya mwaka 1659 ilimtoza faini ya shilingi 5 mwenye kuadhimisha Krismasi, hata ilipofutwa mwaka 1681. Tazameni ajabu hii: watu waliokataa kulazimishwa kushika siku, waliwalazimisha wenzao wasiishike.

Kwetu nako kila aliyeleta Injili alikuja na kalenda yake. Mapadre wa Roho Mtakatifu walifika Bagamoyo mwaka 1868 na Mhonda mwaka 1877, wakaingia Morogoro katika miaka ya 1880, na baadaye wakapanda milimani. Kalenda yao nayo imebadilika: mwaka 1911 Papa Pio wa Kumi alipunguza sikukuu za amri zikawa 8, mbali na Jumapili, na sheria ya mwaka 1917 ikazifanya 10. Ukaguruni waliingia Waanglikana wa CMS na sikukuu zao. Wasabato, walioanza kazi Upareni mwaka 1903, hushika Jumamosi, wala hawaihesabu Krismasi kuwa amri ya Mungu. Basi leo katika ukoo mmoja wa Kiluguru mjomba aweza kupumzika Jumapili na mpwa wake Jumamosi, na ndugu zao Waislamu wakawakaribisha wote chakula cha Idi. Tena wote hulima mlima mmoja, na Pasaka huja katika masika, palizi ikiwa haijaisha na nguruwe hawajui sikukuu.

Wasomaji wapenzi, sisemi sikukuu ni kitu bure. Mtoto asiyejua kusoma hujifunza habari ya Betlehemu na ya kaburi tupu kwa siku hizo, na Mkristo aliyeahidi kufuata taratibu za kanisa lake asizivunje kwa uvivu akiuita uvivu huo dhamiri. Lakini pia yuko anayeuza chakula cha watoto apate kununua nguo mpya ya Krismasi, na anayeimaliza siku katika pombe. Huyo alikuwapo kanisani asubuhi, na jirani zake hawamsemi neno.

Kwa hiyo tumwonapo mwenzetu shambani siku ya sikukuu, tumwulize kwanza ana shida gani. Pengine ni mjane asiye na mtu wa kumsaidia. Kama ndivyo, na twende kanisani tumsifu Mungu, na kesho yake tuchukue majembe twende tukampalilie. Tukifanya hivyo, yeye atakuwa na nafasi ya kuja sikukuu ijayo, na sisi tutakuwa tumeiadhimisha hii kwa haki.