Ruzuku kwa Masomo ya Ziada ya Vijana Walio Hatarini Kuacha Shule, Kata ya Zinga

Ruzuku ni fedha isiyorejeshwa, inayotolewa kwa masharti ya matumizi na utoaji wa taarifa. Ni tofauti na mkopo wa asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambao vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu huurejesha bila riba.

Katika Kata ya Zinga, wilayani Bagamoyo, waombaji wana njia mbili. Shule inaweza kuelekeza ombi kwa Mamlaka ya Elimu Tanzania (TEA), msimamizi wa Mfuko wa Elimu ulioanzishwa kwa Sheria Na. 8 ya mwaka 2001. Asasi iliyosajiliwa kwa Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali Na. 24 ya mwaka 2002 inaweza kuomba kwa wafadhili wa asasi za kiraia.

Andiko lionyeshe idadi ya walengwa, chanzo cha utoro kwa kuzingatia daftari la mahudhurio, bajeti na vipimo vya mafanikio. Aidha, lizingatie Waraka wa Elimu Na. 2 wa mwaka 2021, unaowarejesha shuleni waliokatiza masomo, wakiwemo wasichana waliojifungua. Wasiorejea waandaliwe kwa Mtihani wa Maarifa (QT).

Muhimu zaidi, lieleze nani atawalipa walimu ruzuku itakapokwisha. Vinginevyo, kijana ataachwa katikati ya safari kwa mara ya pili.