Sindano ya gramafoni: Namna ya kuchagua iliyo nafuu na salama kwa santuri

SANTURI iliyotunzwa kabatini kwa miaka 40 inaweza kuharibika kwa kupigwa mara chache tu, endapo sindano inayopita juu yake ni nzito kupita kiasi au ncha yake imekwisha.

Hilo ni jambo la kuzingatiwa na wakazi wa Buhare, katika Manispaa ya Musoma, na wengine mkoani Mara waliorithi gramafoni za wazee wao, kwa kuwa santuri nyingi za zamani ni vigumu kupata nyingine badala yake.

Nyimbo nyingi za dansi za Tanzania, zikiwamo za Mbaraka Mwinshehe aliyefariki dunia mwaka 1979, zilitolewa katika santuri zilizochapwa Nairobi, nchini Kenya. Mfereji wa santuri ukishaliwa na sindano mbovu, hakuna fundi awezaye kuurudisha.

Kifaa kinachoamua usalama huo ni katriji, yaani kichwa kidogo kilicho mwishoni mwa mkono wa gramafoni, ambacho hubeba sindano na kugeuza mtikisiko wake kuwa umeme.

Zipo katriji za aina mbili zinazopatikana kwa bei nafuu. Ya kwanza ni ya kauri, ambayo hufungwa katika gramafoni nyingi za bei ya chini zenye umbo la sanduku. Hutoa umeme wa mamia ya milivolti, hivyo haihitaji kifaa cha ziada, lakini kwa kawaida sindano yake hukandamiza santuri kwa uzito wa gramu 5 au zaidi.

Ya pili ni ya sumaku, ambayo nyingi hutumia gramu 2 hadi 3.5 tu. Hata hivyo, umeme wake ni milivolti chache, hivyo huhitaji amplifaya yenye tundu lililoandikwa “Phono”. Asiye na amplifaya ya namna hiyo hana budi kuongeza katika bajeti yake kikuza sauti kidogo cha santuri.

Miongoni mwa katriji za sumaku za bei ya chini kabisa ni AT3600L ya kampuni ya Audio-Technica ya Japani. Ncha yake ni ya mviringo, nayo huvumilia mkono wa gramafoni usiorekebishwa kwa usahihi mkubwa.

Hatua inayofuata ni AT-VM95E ya kampuni hiyo hiyo, yenye ncha ya duaradufu inayosoma vyema nyimbo za karibu na katikati ya santuri na kuhitaji gramu 2 tu. Ubora wake mwingine ni kuwa sindano zote za jamii ya VM95 huingiliana, hivyo mnunuzi hubadilisha sindano bila kununua katriji mpya.

Ortofon 2M Red kutoka Denmark, iliyoanza kuuzwa mwaka 2007, ni nzuri pia, ila bei yake ni ya juu zaidi.

Wenye santuri za kale za mizunguko 78 kwa dakika, kama zile za Siti binti Saad aliyerekodi Bombay, India, mwaka 1928, wanahitaji sindano maalumu. Ncha yake huwa na nusu kipenyo cha mikroni 75 hivi, wakati ile ya santuri za mizunguko 33 na 45 huwa kama mikroni 18. Kutumia moja mahali pa nyingine ni kuharibu vyote viwili.

Kabla ya kununua, ni vyema kuhakikisha kuwa katriji iliyopo imefungwa kwa skrubu mbili zilizoachana milimita 12.7. Ikiwa imeunganishwa na mkono moja kwa moja, kinachoweza kubadilishwa huwa ni sindano pekee.

Aidha, katriji iliyotumika si mbaya, mradi inunuliwe na sindano mpya, kwani hakuna ajuaye ile ya zamani imecheza saa ngapi. Sindano nyingi hudumu kati ya saa 300 na 1,000.

Baada ya kufunga, uzito wa sindano upimwe. Mizani ndogo ya kupimia dhahabu, inayosoma sehemu za gramu, inatosha kwa kazi hiyo. Kupunguza uzito chini ya kiwango cha mtengenezaji si kinga, kwa kuwa sindano nyepesi mno hurukaruka na kukwaruza mfereji.

Mwisho, santuri na sindano zifutwe vumbi kwa brashi laini kila zinapotumika. Brashi hiyo ni ya bei ndogo, lakini huongeza maisha ya vyote viwili.