Ngano ya Uasin Gishu na Vita Visivyokwisha vya Kutu

Oktoba 1908 msafara wa Makaburu ulioongozwa na Jansen van Rensburg ulifika uwanda wa Uasin Gishu kwa magari ya kukokotwa na ng'ombe. Uwanda huo ulikuwa umeachwa wazi kwa bunduki. Miaka mitatu tu nyuma, Oktoba 1905, Waingereza walikuwa wamemuua Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi, na watu wake wakasukumwa kwenye eneo lililotengwa. Historia ya ngano ya Eldoret ianzie hapo, kwenye ardhi, kabla ya kufika kwenye plau.

Mji wenyewe ulikua juu ya shamba namba 64, ukapewa jina la Eldoret mwaka 1912. Mazao yalisafirishwa kwa magari ya ng'ombe hadi stesheni ya Londiani, njia ya matope mvua ikinyesha, mpaka reli ilipofika mjini mwaka 1924. Tangu hapo ngano ikawa biashara kubwa.

Adui wake alikuwa kutu. Kuvu huyu hushika shina, hukata njia ya chakula, na punje husinyaa ndani ya suke. Huko Njoro, mlowezi Lord Delamere aliona ngano yake ikiteketea akaajiri mtaalamu wa kuzalisha mbegu. Mwaka 1927 serikali ikaanzisha kituo cha utafiti papo hapo. Mbegu za Kenya zilipata sifa hadi Mexico, ambako mtaalamu wa mbegu Norman Borlaug alizichanganya na aina ya Mentana akapata Kentana, iliyoistahimili kutu.

Na ngano sugu ya majira ya baridi, ile inayolala chini ya theluji ya Urusi? Haiwezi kuzaa Eldoret. Huhitaji majuma ya baridi kali ndipo itoe suke, na sisi, ingawa tuko mita 2,100 hivi juu ya bahari, tuko karibu mno na ikweta. Ukiipanda huku utapata majani matupu. Lakini damu yake ilitufikia. Aina ya Kavkaz, ya majira ya baridi, iliyozalishwa Krasnodar, ilibeba jeni ya Sr31, kinga dhidi ya kutu, iliyotoka kwa rai, nafaka ndugu ya ngano. Kituo cha utafiti wa ngano na mahindi cha CIMMYT, Mexico, kiliichanganya na ngano isiyohitaji baridi, na kwa miaka mingi mbegu za uzao huo zililinda mashamba ya dunia.

Ngao hiyo ilivunjika jirani yetu. Mwaka 1998, katika kituo cha Kalengyere kusini magharibi mwa Uganda, kutu ilionekana kwenye ngano yenye Sr31. Ikaitwa Ug99. Ilivuka hadi Kenya, Ethiopia, Yemen na Iran. Mwaka 2005 Borlaug, mzee wa miaka 91, alikuja Nairobi kuionya dunia. Njoro ikawa shamba la majaribio la ulimwengu mzima: nchi nyingi huleta mbegu zao kuona zipi zitasimama.

Aina ya ngano ya Kenya iitwayo Robin ilitolewa kwa matumaini makubwa, lakini kufikia mwaka 2014 aina mpya ya kutu ilikuwa imeishinda. Mwaka huohuo Chuo Kikuu cha Eldoret, chini ya kazi ya Profesa Miriam Kinyua, kilitoa Eldo Ngano 1, iliyopatikana kwa kupitisha mbegu kwenye mionzi na kuteua mimea iliyohimili Ug99. Huo ni ushindi wa kujivunia, wa wataalamu wetu wenyewe.

Hata hivyo, wakulima wengi wa Uasin Gishu wamegeukia mahindi, na sehemu kubwa ya unga wa chapati na mandazi nchini husagwa kutokana na ngano ya nje, ikiwamo ya Urusi na Ukraine, nyingi yake ikiwa ya majira ya baridi. Kutu haingoji bajeti. Serikali isipunguze fedha za Njoro na za Chuo Kikuu cha Eldoret, na wewe mkulima, kabla ya msimu ujao, uliza mbegu uliyo nayo ghalani ilitolewa mwaka gani.