Entropia: Kipimo cha siri ya mapigo ya moyo

MOYO wa mtu mwenye afya haudundi kama saa ya ukutani. Hata akiwa ametulia, muda kati ya pigo moja na jingine hubadilika: sekunde 0.82, kisha 0.86, kisha 0.79. Mabadiliko hayo hutokana na mishipa ya fahamu inayouharakisha moyo na ile inayoutuliza, pamoja na pumzi na shinikizo la damu.

Aliyesafiri kutoka Embu hadi Meru kupitia Chuka ataelewa. Barabara hushuka na kupanda mabonde ya mito itokayo Mlima Kenya, na dereva stadi hubadilisha mwendo kila kona. Ang'ang'aniaye mwendo mmoja yumo hatarini; ayumbaye ovyo vilevile.

Entropia hupima kiwango cha kutotabirika kwa mfululizo. Claude Shannon wa Marekani aliitumia katika nadharia ya mawasiliano mwaka wa 1948. Steven Pincus alibuni kipimo kinachofaa takwimu za mwili mwaka wa 1991, nao Joshua Richman na Randall Moorman wakakiboresha mwaka wa 2000.

Kompyuta huchukua mapigo yaliyonaswa na mashine ya ECG na kutafuta vipande vifupi vya mfululizo vinavyofanana. Kisha huangalia ni jozi ngapi zinazoendelea kufanana pigo moja likiongezwa. Zikisalia 90 kati ya 100, entropia ni takriban 0.1, zikisalia 10 pekee, ni takriban 2.3.

Hata hivyo, nambari kubwa si ithibati ya afya. Katika maradhi ambapo vyumba vya juu vya moyo hutetemeka ovyo, entropia hupanda kuliko ya mtu mzima wa afya. Mwaka wa 2002, Madalena Costa, Ary Goldberger na C.-K. Peng walionyesha njia ya kutegua kitendawili hicho: kupima kwa vipindi vifupi na virefu pia. Vipindi vikirefushwa, entropia ya mgonjwa huyo hushuka, ilhali ya moyo wenye afya hudumu juu.

Manufaa yake yameonekana kwa watoto wachanga. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka wa 2011, uliohusisha watoto 3,003 waliozaliwa na uzani mdogo mno, ulipata kwamba vifo vilipungua kutoka asilimia 10.2 hadi 8.1 madaktari walipoonyeshwa alama ya hatari itokanayo na mapigo, entropia ikiwa miongoni mwa vigezo vyake.

Meru kuna miraa na Embu kuna muguka, na kathinoni iliyomo huongeza kasi ya moyo na shinikizo la damu. Kwa hivyo, apimwaye hana budi kumweleza daktari iwapo ametafuna, la sivyo athari ya majani itadhaniwa kuwa maradhi, au maradhi yadhaniwe kuwa majani.