Kariakoo, Mtaa wa Wapagazi

Septemba 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, Waingereza waliiteka Dar es Salaam. Ng'ambo ya Mnazi Mmoja, upande waliotengewa Waafrika, Wajerumani walikuwa wameacha banda kubwa la chuma lililokusudiwa kuwa soko. Watawala wapya wakaligeuza kambi ya wapagazi wa jeshi lao, Carrier Corps. Midomoni mwa wenyeji jina hilo likawa Kariakoo, kama vile kule Nairobi lilivyozaa Kariokor.

Wapagazi hao ndio waliobeba vita. Mbung'o waliangamiza farasi na punda, na huko kusini njia za magari zilikuwa haba, hivyo risasi, unga na majeruhi vilisafiri kwa vichwa na mabega ya watu. Wengi walikamatwa vijijini mwao bila hiari. Malaria, kuhara damu na njaa viliwamaliza zaidi kuliko bunduki. Hesabu rasmi ya Waingereza pekee inapita vifo 40,000, na wanahistoria wengi huiona ndogo. Sanamu ya Askari, iliyosimamishwa mjini mwaka 1927, inamwonyesha mwenye bunduki. Mpagazi kaachiwa maandishi ya chini.

Baada ya vita banda likawa soko kweli. Viwanja vilivyopimwa kukizunguka kitovu hicho vikajaa nyumba za Kiswahili, zenye ukumbi katikati, vyumba huku na huku, na ua nyuma ambako wapangaji wa makabila mbalimbali walipika pamoja. Katika eneo hilo, Julai 7, 1954, kilizaliwa chama cha siasa cha TANU, kwenye mtaa ambao leo unaitwa Lumumba. Klabu za soka za Simba na Yanga nazo zilistawi hapa.

Mwaka 1974 sheria iliunda Shirika la Masoko ya Kariakoo, na mwaka uliofuata likafunguliwa jengo lililobuniwa na Beda Amuli, msanifu majengo Mtanzania: miavuli mikubwa ya zege, kuta zilizoachwa wazi hewa ipite, na ghorofa ya chini ya ardhi. Kwangu ni miongoni mwa majengo bora kabisa ya enzi ya uhuru. Moto wa usiku wa Julai 10, 2021 uliliunguza vibaya, na Serikali ikaamua likarabatiwe, lisibomolewe. Uamuzi huo ulikuwa wa haki. Kilichobaki ni kuweka bamba kwenye lango kuu, lenye maelezo ya Kiswahili, linalomweleza kila mnunuzi wapagazi wale walikuwa nani na walikufaje.